Shemeji kachanganya korosho mbovu, tajiri wa Dar anataka pakiti yake: nishike lipi?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Masasi. Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni korosho. Nilianza kwa kubangua uani na kuuza stendi. Abiria wa Tunduru na wa Dar wakanizoea, wakaanza kuagiza. Mungu si Athumani, leo nina banda, mashine za kubangulia za mkono, oveni, na wanawake 11. Tunatoa kilo 12 hadi 15 za korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, kwa siku, tunafungasha pakiti za gramu 250. Jina la kwenye pakiti ni lile walilomwita marehemu bibi yangu, na chini yake kuna picha ya kinyago. Tunauza Mtwara mjini, Dar na Dodoma.

Anayetembeza mzigo ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ni mchangamfu, ana maneno, anafungua duka ambalo mimi ningezunguka mwezi mzima bila kusikilizwa. Namlipa kwa kila pakiti anayouza.

Msimu uliopita ilikuja oda kubwa ya Dodoma. Mimi nilikuwa msibani Newala. Kurudi, nakuta mzigo umeshaondoka, nikafurahi. Baadaye simu zikaanza. Korosho zinanuka mafuta yaliyochacha. Nyingine zimebaki na ngozi ya kahawia, nyingine laini mdomoni, hazina ule mlio. Kufuatilia, kumbe shemeji alipungukiwa, akachota mabaki ya msimu wa nyuma stoo, akaongeza ghafi alizonunua kwa magendo ya kangomba huko vijijini, hazijaanikwa sawasawa, zikapitishwa oveni harakaharaka. Na mama anayepanga madaraja aliziona! Nilipomuuliza alinijibu, “Bosi, niliona, lakini shemeji yako alisema gari linaondoka alfajiri. Mimi nani nibishane na mwenye mali?”

Sasa katokea tajiri mmoja wa Dar. Anataka tani moja ya korosho nzima kila mwezi, mwaka mzima, ila tufungashe kwenye pakiti yake, jina lake. Bei yake iko chini ya ile tunayowauzia wenye maduka na malipo ni baada ya siku 60. Shemeji anasema tukubali na la kwetu tuliweke pembeni kwanza. “Jina haliliwi, shemeji.” Halafu papo hapo anataka jina hilohilo tuliweke kwenye achari na mvinyo wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mume wangu anasema mambo ya biashara tumalizane wenyewe.

Juu ya hayo, kuna mtu ameanza kuuza korosho kwenye pakiti inayofanana na yangu, mpaka kinyago.

Shangazi, nimechoka. Nikitoka mambo yanaharibika, nikiwepo silali kwa sababu kila pakiti lazima niione mimi. Kwenye semina tuliambiwa tujenge chapa itakayodumu. Itadumu vipi kama haiwezi kudumu wiki moja nikiwa msibani? Na huyu shemeji nimwambieje bila kuvunja nyumba?

Mama Korosho, Masasi

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole na msiba.

Kabla sijakujibu chochote, piga simu Dodoma. Upige wewe mwenyewe. Waambie wenye maduka kwamba mzigo ule una kasoro, wautoe wote rafuni, hata pakiti ambazo hazijalalamikiwa, na mwingine unakuja kwa gharama yako. Itauma, najua, lakini mwenye duka husamehe mzigo mbovu uliobadilishwa upesi. Asichosamehe ni kuzungushwa. Habari za shemeji usiwape. Mteja hamjui shemeji, anajua jina la bibi yako. Unakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara yetu ya Kusini ilipokatika upande wa Kilwa? Mteja wa Dar hakugombana na aliyempigia mapema kumwambia mzigo umekwama. Aligombana na aliyezima simu.

Sasa tuje kwenye lile banda.

Katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi ni maneno ya yule mama wa madaraja. Aliona. Macho yake yalifanya kazi uliyomwajiri aifanye, ila hakuwa na ruhusa ya kusema alichokiona. Ulipoondoka kwenda Newala hukumwachia mtu uamuzi, basi ukaangukia kwa mwenye sauti kubwa kuliko wote, na huyo alikuwa na gari la kuwahi. Ndiyo maana nakwambia uchovu wako hautaponywa kwa kukagua pakiti nyingi zaidi. Utapona siku mtu mwingine atakapoweza kuuzuia mzigo ukiwa haupo na asifukuzwe, wala asinuniwe.

Waite wote, shemeji akiwepo, useme mbele yao: mzigo hautoki bila saini ya mama huyu. Akikataa, umekataliwa, hata mimi nikitaka uende. Halafu angalia unavyomlipa. Wabanguaji walipwe kwa kilo, sawa, tena nzima zilipwe zaidi kuliko vipande ili mtu asivunje kwa kukimbilia uzito. Lakini mpangaji wa madaraja akilipwa kwa kilo, kila korosho anayoitupa anajikata ujira mwenyewe. Huyo mlipe kwa siku. Na mfundishe mwingine wa kumshikia nafasi, maana naye ana misiba yake.

Siku ya kupimwa itafika, tena mapema. Oda kubwa, dereva anapiga honi nje, naye atavunja korosho moja kwa vidole na kusema hii bado ina unyevu. Watu 11 watakuangalia wewe usoni. Ukisema “leo tu, pitisha,” basi umefuta saini yake, na kesho hatasema tena. Ukisema “rudisheni kwenye oveni,” utakosa gari la siku hiyo, labda na mteja mmoja, lakini watakaokuwa wamesikia ndio hao watakaolinda pakiti zako mwaka kesho.

Mpe na daftari, mali bila daftari huisha bila habari. Kila fungu la korosho lipewe namba, na namba hiyo ionekane kwenye pakiti. Kwenye daftari iandikwe ghafi ilitoka wapi, ilianikwa siku ngapi, nani alibangua, nani alipanga, lini ilifungashwa. Siku nyingine Dodoma wakipiga simu, utauliza namba tu, utajua ni fungu lipi, utarudisha hilo peke yake na si mzigo mzima. Kisha kila fungu lihifadhiwe pakiti mbili kwenye rafu ya kawaida, penye joto letu hili hili, si kwenye friji. Baada ya mwezi fungua moja mle. Baada ya mwezi mwingine fungua ya pili. Korosho ina mafuta mengi, na mafuta hayo huchachishwa na hewa, mwanga na joto. Ikichacha ndani ya pakiti yako, bora ukajua wewe kabla ya mteja. Kama zinachacha mapema wakati karanga zilikuwa kavu, basi shida iko kwenye mfuko. Ukipita Mtwara mjini ingia SIDO, shirika la viwanda vidogo, waulize kuhusu mifuko mizito na mashine ya kuondoa hewa. Na TARI Naliendele, wale watafiti wa kilimo, usidhani wanajua miche tu. Wapelekee sampuli, wanajua korosho kuanzia mbegu mpaka mezani.

Kuhusu kangomba nitasema kwa ukali kidogo. Umezaliwa huku, unajua kangomba ni nini: mkulima mwenye njaa anauza kabla ya mnada kwa bei ya kutupa, kwenye kipimo cha kuibiwa. Ni kosa la sheria, na mzigo ukikamatwa utasema ni wa nani? Hata ukiiacha sheria kando, ghafi ya kangomba hujui imelala wapi wala imeanikwa siku ngapi. Nunua kwa njia ambazo Bodi ya Korosho inazitambua, ukiwa na karatasi zako mkononi. Biashara yenye jina la marehemu bibi yako haiwezi kusimama juu ya kumpunja bibi wa mtu mwingine.

Tuje kwa shemeji. Simtetei, ila tuone pia ulivyompanga. Umemlipa kwa pakiti, na ufunguo wa stoo ukabaki kwake ulipoondoka. Mtu anayelipwa kwa pakiti atajaza pakiti. Usifikiri ukimkemea atabadilika huku malipo yakibaki yaleyale. Mwambie kuanzia sasa nusu ya kamisheni anaipata mzigo unapouzwa, na nusu duka linapoagiza tena. Utashangaa jinsi atakavyoanza kuuliza kama korosho zimekauka! Ufunguo wa stoo autoe. Yeye ni mtu wa nje, wa maduka, na huko ana kipaji ambacho wewe huna, umekiri mwenyewe. Stoo na meza haviko chini yake.

Kuhusu namna ya kumwambia, usimwambie mkiwa wawili jikoni, itageuka ugomvi wa wanawake na mashemeji. Wala usimwambie mbele ya wafanyakazi. Mume wako anajitoa, lakini hapa hawezi kujitoa, kwa kuwa ni damu yake. Na huku kwetu mjomba bado ana neno. Mwite mjomba wao, kaeni kikao kifupi, wewe uende na karatasi: idadi ya pakiti za Dodoma zilizorudi na hasara yake kwa shilingi, kisha mpangilio mpya wa kazi na malipo. Uzungumzie mzigo, tabia yake iache. Usiseme “umeniharibia.” Sema “hivi ndivyo tutakavyofanya kazi.” Akikubali, mwandikishe. Akikataa, atakuwa amekataa mbele ya mjomba wake, na nyumba yako itakuwa haijavunjwa na wewe.

Haya, tajiri. Tani moja kwa mwezi inasikika vizuri, kwa hiyo chukua kalamu. Ukifanya kazi siku 25, ni kilo 40 kila siku, na wewe unatoa 12 hadi 15. Ni karibu mara tatu. Tena anataka nzima tupu, na mbanguaji mgeni huvunja sana, kwa hiyo vipande vyote vitabaki kwako kutafutiwa soko. Kilo moja ya karanga inakula kilo nne hadi tano za ghafi. Kwa mwaka anahitaji karanga tani 12, sawa na ghafi tani 48 hadi 60. Na ghafi huipati Machi wala Julai. Msimu wetu ni Oktoba hadi Desemba, ukijikongoja hadi Januari, maana yake mzigo wa mwaka mzima unaununua ndani ya miezi hiyo michache kwa fedha taslimu. Msimu wa 2018/19 Serikali ilinunua kwa Sh 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo tani 50 tu ni Sh milioni 165. Baadhi ya minada ya msimu wa 2024/25 ilivuka Sh 4,000, hapo ni zaidi ya Sh milioni 200. Yeye atakulipa baada ya siku 60. Kati yenu wawili, nani anamkopesha mwenzake?

Na hilo bado si baya kuliko yote. Mteja atakayekula korosho zako kwenye pakiti yake atamjua yeye. Akipata mbanguaji wa Tandahimba au Ruangwa anayeuza kwa shilingi 200 pungufu, atahama wiki hiyohiyo na mteja hatagundua chochote. Utabaki na mashine, wanawake 30 wanaosubiri ujira, na jina ulilolipumzisha mwaka mzima. Shemeji anasema jina haliliwi. Mwulize basi, kama haliliwi, kwa nini tajiri anang'ang'ania liwe la kwake?

Lakini usimfukuze. Fedha ya kufungashia wengine ni fedha halali na inaweza kukulipia mashine. Mpe theluthi ya unachozalisha leo, kama kilo 100 kwa mwezi, asizidi hapo. Alipe nusu kabla, alete mifuko yake, na nyuma ya kila mfuko iandikwe imebanguliwa Masasi na jina lako lionekane. Usikubali kipengele cha kumuuzia yeye peke yake. Akitaka awe peke yake, aweke mtaji wa ghafi mwanzo wa msimu. Na saini ya yule mama ihusu mzigo wake pia, usije ukawa na korosho za jina lako na korosho za “jina la mwenyewe shauri yake.” Mikono ni ileile, ikizoea kulegea kwenye meza moja italegea na kwenye nyingine.

Kuna kishawishi kingine hukukitaja, na kitakuja mwaka ghafi itakapopanda. Utaambiwa upunguze gramu 250 ziwe 220, bei ibaki palepale, nani atapima? Mwenye duka atapima. Pandisha bei hadharani na uwaeleze sababu, au tengeneza pakiti ndogo iliyoandikwa wazi kuwa ni gramu 100. Watu wa huku wanajua bei ya mnada kuliko unavyofikiri, wataelewa.

Achari na mvinyo wa mabibo: ngoja. Najua mtaani watakutajia Azam, jina moja kwenye unga, aiskrimu, boti mpaka televisheni. Sawa, lakini hakuna aliyeanza na vyote hivyo siku moja, na nyuma ya kila kimoja kuna viwanda na watu wake. Wewe bado pakiti moja inakutoa jasho. Mvinyo tena una vibali vyake na wateja wake, na kuna watu wazima wanaonunulia watoto korosho ambao hawatapenda kuona jina hilohilo kwenye chupa. Korosho zikiweza kutoka bandani msimu mzima bila wewe kuzigusa, tuzungumze habari ya achari.

Huyu anayekuiga nakujibu kwa kifupi, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa dawa yake inajulikana. Nadhani ulisajili jina la biashara BRELA, kwa wasajili wa biashara, ukaona umemaliza. Hujamaliza. Jina la biashara linakutambulisha tu. Kinachokupa haki ya kumzuia mwingine ni alama ya biashara, nayo inaombwa kivyake, hukohuko BRELA. Inalindwa kwa miaka saba ya mwanzo, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Kwenye fomu utaulizwa daraja la bidhaa: korosho zilizosindikwa ziko daraja la 29. Omba jina la bibi pamoja na mchoro wako wa kinyago, ule ule ulivyochorwa, kwa sababu kinyago kwa ujumla wake ni cha Wamakonde wote, hakuna atakayekupa ukimiliki peke yako. Hali kadhalika maneno kama “Korosho za Masasi,” hayo ni ya kila mtu. Ukitaka kuuza Zanzibar, kule usajili ni wa kwao, unaomba upya. Ukishapata cheti, aliyekuiga umwandikie barua kwanza. Akikaidi, Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia. Wakati huohuo fuatilia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, kwa kupitia SIDO, wana utaratibu wa nafuu kwa wajasiriamali wadogo, na hiyo muigaji wako hawezi kuibandika bila kukaguliwa.

Maombi ya BRELA yanafanyika kwenye mtandao, utahitaji namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Usimpe mtu wa stendi hela akusajilie. Na tafadhali, mwenye alama aandikwe wewe, au kampuni yako kama unayo. Usimwandike shemeji eti kwa sababu yeye ndiye anayejua kompyuta.

Shangazi